Kete za Shaba Kwenye Malisho ya Bi Bunn

…wala usijidanganye, si dhahabu, dhahabu haina harufu, na hii ukiitemea mate ukaisugua kwa kidole gumba inanuka kama kitasa cha zamani, ni shaba tu, kete, sarafu ya mchezo, zile ambazo watu wa enzi hizo walizipiga zifanane na ginia, pesa ya zamani ya dhahabu, ili waziweke mezani wakicheza karata, kichwa cha mfalme mwenye mashavu upande huu, ngao yenye umbo la shupaza upande ule, mtu mgeni katika shughuli hii akiipata anapiga yowe mpaka farasi wanakimbia, halafu mwaka mzima wenzake wanamwita tajiri, lakini Lorna Gotts si mgeni, nusu ya maisha yake ameimaliza akitembea kwenye mashamba ya Norfolk na mashine ya kutafutia vyuma mkononi, hapigi yowe, anaiweka kete juu ya kipande cha nyasi alichokikata, kando ya ile aliyoitoa kabla Barry hajaenda kuleta chai, anazitazama zote mbili, magoti yamelowa, na kuna kitu hakimkai sawa, si kete zenyewe, ni mahali zilipokaa… simu inatetemeka tena mfukoni, juu ya paja, na hana haja ya kuitoa ili ajue ni nani, ni Kerry, nani mwingine angempigia asubuhi ya Jumapili, Kerry mtoto wa yule mwanamke wa Lowestoft, ndugu yake kwa baba, ingawa wameonana mara mbili tu maishani na mara zote mbili walizungumza habari za mvua. Ujumbe wa kwanza aliusikiliza asubuhi garini, Barry akiwa kwenye usukani, simu ameibana sikioni ili sauti isitoke, "Lorna, ni mimi, Kerry. Sikulazimishi, dada. Ila daktari anasema ni leo, ama kesho. Bado anaongea. Anakuulizia. Basi, ni hilo tu," na Barry akauliza, "Nani huyo?" naye akajibu, "Watu wa bima," "Jumapili?" "Hawana dini wale," na Barry akacheka, akaingiza gia, wakaendelea na safari yao kana kwamba hakuna mtu yeyote anayekufa popote.

Anayekufa ni Roy. Hivyo ndivyo anavyomwita akilini, Roy, kama mtu aliyewahi kufanya naye kazi ofisi moja zamani, yupo Lowestoft kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa wasiopona, ina madirisha makubwa yanayotazama bahari, Kerry alimtumia picha, kwa nini watu hutuma picha za madirisha, na Lorna alishaamua tangu Alhamisi kwamba haendi, aliamua bila machozi wala kelele, alikuwa anaosha kikombe, akasema moyoni haendi, akakifuta kikombe, akakitundika, mtu aliyeondoka nyumbani binti yake akiwa na miaka kumi na asirudi hata kuchukua koti lake la baridi hana deni la kudai kwa binti huyo, kila mtu angekubali, mama yake angekubali kuliko wote kama angekuwa hai… "Bibie!" Barry anaita kutoka langoni, kule gari liliko, "sukari moja au mbili?" miaka yote hii anauliza, na miaka yote hii jibu ni lile lile, "Situmii sukari, Barry!" "Hata kidogo?" "Hata kidogo!" na anasikika akikoroga, maana atatia tu, atatia na atakana. Barry Dack, dereva wa lori mstaafu, mjane wa kiume, hana aibu na hana siri, ndiye aliyepata ruhusa ya uwanja huu kwa kumtengenezea Bi Bunn, mwenye malisho, lango, na Bi Bunn akawatembeza hadi katikati ya malisho akiwa amevaa gauni la kulalia na mabuti, akasema, "Chimbeni mpendavyo. Lakini kila shimo lifukiwe, nyasi zirudi juu, kama hamkupita. Farasi wangu akivunjika mguu, nami nitavunja wenu," na Barry akasema hiyo ni haki kabisa, na Lorna alikuwa anaitazama nguzo ya zege iliyosimama peke yake karibu na ua wa michongoma, yenye kulabu ya kutu kileleni, Bi Bunn akaona anaitazama, akasema, "Hiyo sijui ya nini, niliikuta nilivyonunua," na Lorna angeweza kumwambia. Ni ya kuanikia nguo. Kamba ilitoka pale ikaenda hadi kwenye kibanda cha makaa, na nyumba yenyewe ilikuwa hapa, hapa alipopiga magoti palikuwa uani, nyumba mbili zilizoshikana za wafanyakazi wa shamba, matofali mekundu, shamba lilipobadili mmiliki zikabomolewa, matofali yakauzwa, nyasi zikapandwa, na leo farasi wawili wamesimama mahali palipokuwa kitanda cha mama yake. Hakumwambia Bi Bunn. Hata Barry hakumwambia, na Barry anajua mpaka jina la daktari wake wa meno.

Basi ni hapa, na kama ni hapa kwa nini ashangae kupata kete, si alizipata hapa hapa akiwa mtoto, ndiyo mwanzo wa mambo yote, miaka saba, meno ya mbele hayapo, na Roy ameunda mashine yake ya kwanza kwa vipande alivyoagiza kwa posta, siku hizo zilikuwa zinauzwa hivyo, ukiunga waya vibaya inapiga kelele ikipita chini ya mti, akamtundikia mtoto kamba ya mashine begani, mashine ndefu kuliko mtoto mwenyewe, akamwambia, "Haya, kifaranga, zungusha polepole, usikimbie, hakuna anayekukimbiza," na hatua moja tu kutoka kwenye nguzo mashine ikalia, Roy akachimba kwa kijiko cha jikoni, kina cha kidole gumba tu, ikatoka inang'aa, na Roy akavua kofia, hilo analikumbuka kuliko yote, alivua kofia kama yuko kanisani, akapiga kelele, "Audrey! Audrey, njoo! Mtoto kapata dhahabu!" na mama akatoka jikoni na unga mikononi, na kwa siku mbili nzima walikuwa matajiri, mpaka mwalimu shuleni aliposema ni kete tu ya karata, tena mbele ya darasa, akalia njia nzima kurudi nyumbani, na Roy akachutama mbele yake, akamfuta kamasi kwa leso yenye mafuta ya trekta, akamwambia tena hiyo ndiyo bora kuliko dhahabu, unajua kwa nini, kwa sababu hapa nyuma walikuwa wanakuja wacheza karata wa zamani, kwa siri, na siku moja askari wakawavamia, wakatoka mbio gizani kete zinawadondoka mifukoni, kwa hiyo ziko nyingine, Lorna, ziko humu humu, na hazitaki mtu mwingine, zinakusubiri wewe. Akaamini. Kwa nini asiamini. Mwaka uliofuata akapata ya pili, chini zaidi, kina cha kidole kirefu, na akiwa na miaka tisa akapata ya tatu, ile kina cha kiganja, kila mara Roy anavua kofia, na kabla ya kupata ya nne Roy akaenda Lowestoft na mwanamke aliyekuwa akipanga makopo naye kiwandani alikofanya kibarua majira ya baridi, mama akampa mashine mnunua vyuma chakavu bila hata kuuliza bei, akasema maneno aliyoyarudia mpaka siku ya kufa, akiosha vyombo, akisuka nywele za Lorna, akiwa kwenye basi, "Yule alikuwa na begi chini ya kitanda tangu siku uliyozaliwa." Tangu siku uliyozaliwa. Mtoto akiyasikia hayo mara nyingi anayafanyia hesabu mwenyewe, hesabu inampa jibu lile lile, kwamba yeye ndiye sababu, na Lorna aliishi na jibu hilo bila malalamiko, kama watu wanavyoishi na goti bovu, akaolewa, akaachika, mumewe alisema amechoka na matope kwenye zulia, akanunua mashine, nzuri, kisha nzuri zaidi…

…lakini ngoja. Hatua moja kutoka nguzoni, ya kwanza. Hatua mbili, ya pili, palikuwa na ndoo ya vibanio vya nguo hapo, anapakumbuka. Hatua tatu, ya tatu. Na hizi za leo je, anageuza shingo bila kuinuka, nguzo ile pale, shimo la kwanza la leo lile pale, hatua nne, na hili alilopiga magoti mbele yake hatua tano, na yote matano yamekaa kwenye mstari mmoja ulionyooka kuelekea mahali palipokuwa na kibanda cha makaa, moja kwa moja chini ya ilipopita kamba ya nguo, kana kwamba kamba ndiyo iliyotumika kuunyoosha. Ya nne ilikuwa kina cha kiganja na vidole viwili. Ya tano shubiri nzima. Sasa niambie, watu wanaokimbia askari gizani, roho mkononi, wanadondosha kete moja kila hatua, kwenye mstari, na kila inayodondoka inazama zaidi ya mwenzake? Lorna anacheka kwa pua. Ni kicheko kidogo tu, hata farasi hawakugeuka, maana kitu hiki anakijua, anakijua kama anavyojua jiko lake, yeye mwenyewe anacho nyuma ya nyumba yake huko Dereham, kila mtu katika chama chao cha watafuta vyuma anacho, ni kitu cha kwanza wanachofundisha wageni, ukinunua mashine mpya usiende shambani, nenda uani kwako, fukia sarafu kwenye mstari, moja juu, nyingine chini kidogo, nyingine chini zaidi, halafu pitisha mashine ujue inasikia mpaka wapi na mlio wake unasemaje, ukishajua ndipo uende ukasumbue watu. Mstari wa kupimia. Roy alijitengenezea mstari wa kupimia mashine yake ya kuungaunga, akatumia kete za shaba kwa sababu nani atafukia pesa halali, zinauzwa kwa ndoo kwenye magulio, na mtoto akaja akaukanyaga mstari wa baba yake, mashine ikalia, na mwanamume alifanyaje, angemwambia nini mtoto ambaye macho yameshamtoka, akavua kofia. Basi. Hakuna wacheza karata, hakuna askari, hakuna kilichokuwa kinamsubiri mtu. Amefanya kosa ambalo wageni huchekwa kwalo kwenye mikutano, kuchimba mstari wa mtu mwingine na kudhani umepata hazina, ila wengine hulifanya kwa dakika kumi, yeye amelifanya kwa maisha yake yote, mashamba yote yale, mvua zote zile, ndoa, zulia, yote yametokana na kipimo cha mashine.

Anangoja kuona kama itauma. Haiumi sana. Inauma kama unapogundua umevaa fulana upande wa ndani nje tangu asubuhi na umeshaonana na watu, uso unapata joto kidogo, na nyuma ya joto hilo kuna hasira, ndiyo, ipo, ndogo na kavu, kwa nini alivua kofia, angesema tu, "Acha, hiyo ni yangu ya kupimia," angekuwa amemwambia kweli walau mara moja… "Bibie, huyu farasi ananitazama vibaya!" Barry ameshaingia malishoni, vikombe viwili mkononi, anatembea kwa tahadhari kama bibi harusi, "Usimtazame basi!" "Simtazami, yeye ndiye kaanza! We baba, nini? Nimekukosea nini? Chai si yako," na anasimama kuzungumza na farasi, maana Barry huzungumza na chochote chenye masikio, na Lorna anajua ana dakika chache zake mwenyewe, afukie mashimo, aziweke kete mfukoni, aseme amepata takataka mbili tatu, na kwa kuwa mkono haupendi kukaa bure anainyanyua mashine kwa mazoea tu, bila kuinuka, anaisogeza mbele hatua moja, pale ambapo ya sita ingekuwa kama ingekuwepo. Kimya. Anaipitisha tena polepole. Usikimbie, hakuna anayekukimbiza. Na pembeni kabisa mwa usikivu, chini ya upepo, chini ya maneno ya Barry kwa farasi, kuna kitu kinanong'ona, si mlio, ni kama mtu anayesafisha koo chumba cha pili, angekuwa mgeni asingesikia, anazungusha kutoka upande wa pili, kinanong'ona tena pale pale.

Anakata nyasi kwa mraba, anainua kipande, anakigeuza, anachimba. Udongo mweusi wa bustani, bado ni wa bustani baada ya miaka yote hii, mama alimwaga humu majani ya chai na majivu, kiganja, shubiri, na hapo udongo mweusi ungepaswa kuisha na udongo mgumu wa mfinyanzi, wa manjano, uanze, kwenye uwanja huu mfinyanzi uko kina cha shubiri kila mahali, amechimba vya kutosha kujua, minyoo yenyewe ikizamisha vitu huvifikisha hapo vikaegemea, haviendi zaidi, lakini hapa weusi hauishi, unaendelea kushuka ndani ya manjano, mwembamba, wa mviringo, upana wa mtaimbo, yaani mtu alitoboa mfinyanzi kwa chuma, kwa makusudi, kwa jasho, maana mfinyanzi wa hapa kiangazi ni kama sakafu. Sepetu haipiti. Analala kifudifudi, shavu kwenye nyasi, anaingiza mkono mpaka karibu na kiwiko na kuchokonoa kwa kidole, na hapo ndipo anapokwama, si mkono, akili, kwa sababu akili imekuja nyuma ya mkono ikamkuta… Mashine ya Roy ilisikia mpaka wapi? Amekuwa akipima kwa mashine yake mwenyewe, huo ndio ujinga wake, kwa mashine yake ya leo shubiri si kitu, lakini zile za kuungaunga za wakati ule, anazijua, chama kina moja kwenye kabati la kioo, waliiwasha siku ya sherehe watu wakafa kwa kucheka, sarafu ya ukubwa huu zilisikia kiganja na vidole viwili, tena udongo ukiwa umelowa, zaidi ya hapo zilikuwa viziwi kabisa. Ya nne alikuwa anaweza kuisikia. Ya tano, hapana. Hii ya sita, hata angeipitisha mashine ile mwaka mzima, hapana. Na hakuna mtu anayefukia kipimo asichoweza kukisikia. Hakuna. Muulize yeyote, muulize Barry, kipimo usichokisikia hakikupimii kitu, ni kama kununua miwani ya macho ya jirani. Ukitaka mstari wa kupimia unaishia pale mashine inapoishia, unafukia, unakunywa chai yako. Huchukui mtaimbo ukapasua mfinyanzi ili uweke kete ya shaba mahali ambapo hakuna mashine yoyote duniani inayoweza kuifikia.

Hakuna mashine yoyote ya siku zile. "Zitakuja mashine, kifaranga," alisema lini hayo, anafuta udongo kwenye suruali, wanakula mkate na siagi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, "zitakuja mashine zitakazosikia mpaka Australia, wewe utakuwa nayo, mimi nitakuwa mzee, nitakaa kwenye kiti nikutazame," na mama ndani akasema, "Msimalize siagi." Na si hilo tu, kuna lingine, linakuja polepole, halina haraka… homa. Akiwa na miaka minane alirudishwa nyumbani mapema kutoka shuleni kwa homa, akapitia nyuma, na Roy alikuwa amelala chini, hapa, kifudifudi, shavu kwenye nyasi, mkono wote umo ardhini, mtaimbo pembeni, akamwona akashtuka kama mwizi, akasema, "Natafuta bomba la maji machafu," naye mtoto akasema, "Sawa, baba," akaingia ndani kulala, na hakuwahi kulifikiria tena kwa sababu kuna nini cha kufikiria, mtu anatafuta bomba. Hakukuwa na bomba. Nyumba ile haikuwa na bomba lolote la maji machafu mpaka mwaka aliotimiza tisa, walikuwa wanatumia ndoo na kumwaga kwenye shimo kule ng'ambo ya ua, yeye mwenyewe aliibeba ndoo hiyo, anaijua harufu yake mpaka leo. Roy alikuwa amelala hivi. Hivi hivi, kichwa kikitazama nguzo, na alikuwa kijana, Lorna anahesabu bila kutaka, leo yeye ni mkubwa kuliko Roy alivyokuwa siku ile, amelala mahali pake, mkono wake umeingia pale Roy alipoingiza wa kwake.

Basi hakuwa na begi. Hapana, taratibu, usikimbilie, pengine alikuwa nalo, pengine lilikuwa chini ya kitanda limefungwa na yeye akijua, na ndiyo sababu akachimba mpaka huku, mtu anayekaa anaweza kukupa kitu mwaka hadi mwaka mkononi, anayeondoka ndiye anayelazimika kukificha mbali. Yote mawili yanawezekana. Ama alifukia miaka ambayo alidhani atakuwepo, hatua kwa hatua, ya saba, ya nane, ya tisa, mpaka mtoto awe mtu mzima, halafu akaja yule mwanamke wa makopo akavuruga, ama alijua, na akamwachia kitu ambacho angekipata tu akirudi. Mama hangelijua, mama alijua vyombo na majivu. Hakuna anayejua isipokuwa mmoja, na huyo bado anaongea, hivyo ndivyo Kerry alivyosema, bado anaongea, leo, ama kesho. Haimsafishi. Koti la baridi lilikaa msumarini miaka mitatu na hakuna kete itakayoliondoa pale, na Lorna hana msamaha wowote mfukoni, akijipapasa hauoni, ameutafuta kwa uaminifu. Ana swali. Amekaa na jibu la mama yake maisha yote na hakuwahi kuwa na swali, na sasa analo, moja, na linamkaa kifuani kama kitu chenye uzito wake, na anaogopa, ndiyo, anaogopa kweli, si kwamba Roy atakufa, watu hufa, anaogopa atakufa kabla ya kuulizwa. Ncha ya kidole inagusa kitu. Ukingo mwembamba, baridi, wa mviringo, umesimama wima kwenye mfinyanzi kama mtu alivyouchomeka. Hauvuti. Kidole kimekaa hapo tu.

"Umelala?" Barry amefika, mabuti yake yako karibu na uso wake, chai inanukia sukari, "au umekufa, nimwite Bi Bunn?" "Sijafa." "Umepata nini humo?" "Barry, gari lina mafuta?" "Lina mafuta, kwani linakwenda wapi?" "Ya kufika Lowestoft?" na Barry anafikiri, anakunywa kikombe chake, anakunywa na cha Lorna, "Lowestoft," anasema, "Jumapili hii? Lowestoft kuna nini?" na farasi mmoja anakohoa kule, na simu inaanza kutetemeka tena, katikati ya paja na ardhi, anaisikia mpaka kwenye mfupa, na neno lenyewe hajalitumia kwa muda mrefu kiasi kwamba analitafuta kwanza mdomoni, kama lipo. "Baba yangu," anasema. "Yuko huko. Ni mgonjwa." Barry anavitazama vikombe viwili vitupu mikononi mwake, anamtazama Lorna pale chini, anaitazama nguzo, kisha anavuta pumzi na kusema lile ambalo mtu wa kazi hii angesema hata dunia ikiwa inaungua, "Haya basi. Fukia mashimo kwanza, bibie, farasi wa watu hawa." "Nafukia," anasema Lorna. Lakini mkono bado umo ndani mpaka karibu na kiwiko, shavu bado liko kwenye nyasi, na hautoi.